Televisheni na Mazungumzo ya Nyumbani: Nani Anawafundisha Watoto Wetu?

SOMO LA JAMAA

Kabla ya kuanza somo hili, kila jamaa ifungue Biblia katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, mashairi 4 mpaka 9, na katika 1 Samweli sura ya 3. Baba asome sehemu ya kwanza, mtoto mmoja asome sehemu ya pili. Kisha tuendelee pamoja.

UTANGULIZI

Wazazi wengi wanauliza: Je, televisheni ni dhambi? Wengine wamekwisha kujibu upesi. Wako wanaosema ni sanduku la shetani, na wako wanaosema ni maendeleo tu, haina neno. Somo hili halitafuata majibu hayo mawili. Televisheni ni chombo. Haina roho, haiwezi kutubu wala kukosa. Lakini chombo hiki kinakula kitu kimoja chenye thamani kubwa katika nyumba, nacho ni wakati wa kusemezana.

Torati inawaagiza wazazi kuwafundisha watoto wao kwa bidii, na inataja nyakati nne: wanapoketi nyumbani, wanapotembea njiani, wanapolala na wanapoamka. Angalieni vizuri. Hazikutajwa siku za sikukuu, wala hekalu halikutajwa. Zilitajwa nyakati za kila siku za maisha ya jamaa. Basi, tujiulize kwa kweli: katika nyakati hizo nne, ngapi zimebaki mikononi mwa wazazi? Na ngapi zimekwisha kupewa kioo?

I. NAMNA TELEVISHENI ILIVYOINGIA KATIKA NYUMBA ZETU

Katika nchi yetu televisheni ilianza Kinshasa mwaka 1966. Wakati ule posti zilikuwa chache, katika nyumba za wakubwa na za wazungu. Watu wa vijiji na wa miji mingi ya mashariki waliishi miaka mingi bila kuiona.

Wazee watakumbuka jambo moja la miaka ya 1970. Kila jioni, kabla ya habari za Télé-Zaïre, sura ya Rais Mobutu ilionekana ikishuka toka mawinguni. Hakuna aliyesimama kueleza maana yake. Haikuwa lazima. Mtoto aliyeketi mbele ya kioo aliona jioni ya leo, akaona jioni ya kesho, na pole pole moyo wake ukazoea kwamba mtu fulani anatoka juu. Sisi Wakristo tunajua ni nani tunayemngoja katika mawingu. Lakini ni wazazi wangapi waliomgeukia mtoto wao jioni ile na kumwambia: Mwanangu, huyu ni mtu kama baba yako? Wengine waliogopa, na ilikuwa haki kuogopa. Wengine hawakufikiri tu. Hapo tunajifunza sheria ya kwanza: picha inafundisha hata pasipo maneno, na mzazi akinyamaza, picha ndiyo inabaki mwalimu.

Baada ya mwaka 1990, siasa ya vyama vingi iliporudi, posti za watu binafsi na za makanisa zilianza kuongezeka. Zikaja kaseti za video, kisha sahani za parabole juu ya paa, kisha filimu katika diski. Leo mtoto hahitaji hata kuingia sebuleni: anaangalia katika telefone ya dada yake, chini ya blanketi. Ndiyo sababu katika somo hili tukisema "televisheni" tunamaanisha kila kioo chenye picha zinazotembea.

Tusisahau pia nyumba zisizo na posti. Mtoto wa nyumba hiyo anasimama dirishani kwa jirani, au anatafuta franga kidogo na kuingia chumba cha video cha kartiye, ambamo wanaonyesha filimu za vita na za karate toka asubuhi mpaka usiku. Mzazi anayesema "Kwangu hakuna televisheni, somo hili halinihusu" ajiulize kwanza mtoto wake anashinda wapi.

II. TELEVISHENI INAFANYA NINI KWA MTOTO

1. Mtoto anatenda anayoyaona

Mtaalamu Albert Bandura wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, alifanya majaribio yanayojulikana sana mwaka 1961 na 1963. Watoto wa shule ya kitalu walionyeshwa mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa kwa ngumi na kwa nyundo. Baadaye waliingizwa katika chumba chenye mwanasesere wa namna ile ile. Wengi wakampiga vile vile, na wengine wakarudia hata maneno ya yule mtu mzima. Katika jaribio la mwaka 1963, kundi moja la watoto halikumwona mtu mwenyewe, liliona filimu yake tu. Na hao pia waliiga.

Wazazi wetu walijua jambo hili bila chuo kikuu. Walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini zamani mtoto aliiga watu aliowajua: baba, mjomba, shangazi, mwalimu, mzee wa kanisa. Watu hao waliweza kuulizwa, waliweza kukemewa. Leo anaiga mtu asiyemjua, anayeua watu kumi katika saa moja na hakuna mama anayelia, hakuna matanga, hakuna yatima anayebaki. Katika mikoa yetu ya Kivu na Ituri, ambako tangu 1996 watoto wengi wameona vita kwa macho yao wenyewe, filimu za namna hiyo si mchezo. Mtoto aliyesikia risasi ya kweli na kulala porini, mnapomweka mbele ya risasi za filimu usiku, mnafungua kidonda ambacho hamkioni.

2. Mtoto mdogo hajifunzi kusema kwa kioo

Kuna mama anayesema: "Ninamwacha mtoto wangu mbele ya televisheni ajue Kifaransa." Nia ni nzuri. Lakini tusikilize yaliyoonekana. Mwaka 2003 mwalimu Patricia Kuhl na wenzake, katika mji wa Seattle, Marekani, walichukua watoto wa miezi 9 ambao hawakupata kusikia Kichina. Kundi moja lilikaa na Wachina wenyewe, ambao walicheza nao, waliwasomea vitabu na kuwaangalia machoni. Kundi lingine lilisikia lugha ile ile, toka kwa watu wale wale, lakini katika televisheni. Watoto wa kundi la kwanza walijifunza kutambua sauti za Kichina. Watoto wa televisheni hawakujifunza kitu. Mtoto mchanga anajifunza kusema kwa uso wa mtu anayemjibu.

Tena, mwaka 2009 daktari Dimitri Christakis na wenzake walitoa uchunguzi juu ya watoto 329 wenye umri wa miezi 2 mpaka 48. Watoto walivalishwa chombo kidogo cha kurekodi sauti za nyumbani. Ikaonekana kwamba kwa kila saa ambayo televisheni inasikika, maneno ya watu wazima ambayo mtoto anasikia yanapungua kwa mamia, karibu 770. Si kwamba mama anamchukia mtoto. Mama yuko pale pale, lakini kinywa chake kimefungwa kwa sababu masikio yake yako mahali pengine.

Ndugu wapenzi, hesabuni wenyewe. Saa tatu za televisheni kila siku, siku saba, mwezi mzima. Ni maneno mangapi ya mama yamepotea? Na kati ya maneno hayo yamo majina ya ndugu na ya kambo zetu, lugha ya nyumbani, sala, adabu ya kusalimia wakubwa, habari za kijiji tulikotoka.

3. Usingizi na masomo

Mtoto anayekesha mbele ya kioo anaamka amechoka, analala darasani, na mwalimu anafikiri ni mvivu. Mwaka 2019 Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lilitoa mashauri juu ya watoto wadogo. Tuyaandike hapa wazi:

– Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo hata kidogo.
– Mtoto wa mwaka mmoja vile vile: haifai.
– Mtoto wa miaka 2 mpaka 4 asipite saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ya hapo ni vizuri zaidi.
– Mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji kulala saa 10 mpaka 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukihesabiwa pia.

III. TELEVISHENI INAFANYA NINI KWA JAMAA

Kulikuwa na mji mdogo wa Kanada ambao, kwa sababu ya kuwa katika bonde, haukuweza kupata televisheni mpaka mwaka 1973. Wachunguzi waliupa jina la kuficha: Notel, maana yake mji usio na televisheni. Walipima maisha ya watu kabla posti haijafika, kisha wakarudi baada ya miaka miwili. Matokeo yalitolewa katika kitabu mwaka 1986 chini ya uongozi wa mwalimu Tannis MacBeth Williams. Waliona nini? Watoto walizidi kupigana na kutukanana katika uwanja wa shule. Watu walipunguza kwenda katika mikutano na michezo ya mji wao. Mji ulikuwa ule ule na watu wale wale, lakini wengi sasa walibaki ndani.

Je, si jambo tunaloliona kwetu? Zamani jioni ilikuwa na moto, na kuzunguka moto kulikuwa na hadithi na vitendawili. Wanaume walikuwa na baraza lao. Ndugu zetu Wanande wanaliita kyaghanda. Hapo kijana alisikia namna wazee wanavyokata neno bila kupigana. Hakuna aliyemwambia, "Leo ninakufundisha." Aliketi, akaleta kuni, akasikia.

Leo baba anarudi kazini. Anasalimia, anaketi, anashika telekomande. Mama anapika akiangalia mfululizo wa filimu. Kijana yuko na telefone, binti yuko na telefone. Wote wako chini ya paa moja, na hakuna aliyeuliza: Siku yako ilikuwa namna gani? Bwana hajui kwamba bibi yake alilia mchana. Mama hajui kwamba binti ameacha kwenda masomo tangu siku ya pili. Siku tatizo linapotoka nje, wote wanashangaa: "Lakini alikuwa hapa hapa nyumbani!" Ndiyo, alikuwa hapa. Macho yake mliyaona, moyo wake hamkuusikia.

Kitabu cha Waamuzi, sura ya 2, kinasimulia kwamba baada ya Yoshua na wazee wa wakati wake kufa, kiliinuka kizazi kingine kisichomjua Bwana wala kazi aliyoitenda. Hawakuwa wana wa wapagani. Walikuwa wana wa watu walioona maajabu kwa macho yao. Kati ya wazazi walioona na watoto wasiojua kuna kitu kimoja kilichokatika: masimulizi. Kizazi hicho hakikuwa na televisheni. Sisi tunayo, basi hatari yetu ni kubwa zaidi.

IV. MFANO MZITO: FILIMU ZA ULOZI NA WATOTO WETU

Sasa tufike kwenye jambo ambalo limeua na kuharibu watoto katika nchi yetu, na ambalo hatuna haki ya kulinyamazia.

Tangu miaka ya 1990 posti nyingi za Kinshasa zimeonyesha michezo ya kuigiza na filimu za Nigeria ambamo ulozi ni habari kubwa. Katika nyingine, mlozi ni mtoto. Filimu inaonyesha anavyoruka usiku, anavyokula nyama ya watu, anavyofunga kazi ya baba na tumbo la mama. Jamaa yote inatazama, na watoto wanatazama pia.

Kisha taabu inaingia katika nyumba ya kweli. Baba anapoteza kazi. Mtoto mchanga anakufa kwa malaria. Nao yupo mtoto mmoja nyumbani ambaye si wa mama huyu: yatima aliyeletwa toka kijijini, au mtoto wa bibi wa kwanza. Anakojoa kitandani. Anasema katika usingizi. Ni mkaidi, au ni kilema. Filimu imekwisha kuwaambia watu mlozi anafanana na nini. Mtu mmoja anasema neno, mwingine anaitikia, na mtoto anafukuzwa.

Hatusemi kwamba televisheni peke yake ndiyo chanzo. Umasikini, vita, vifo vya wazazi na chuki ya nyumbani vilikuwapo. Lakini filimu inatoa sura tayari ya mtu wa kushitakiwa. Mwaka 2006 shirika Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wa barabarani katika nchi yetu. Ilieleza kwamba wengi walitolewa nyumbani kwa shitaka la ulozi, na kwamba katika mahali fulani panapoitwa makanisa watoto walifungiwa, wakanyimwa chakula na kupigwa ili wakiri. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto juu ya ulozi. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inamwadhibu mwenye kufanya hivyo. Basi mzazi, mchungaji au nabii anayemshitaki mtoto anavunja sheria ya nchi, na mbele ya Mungu anamkosea mmoja wa wadogo.

Sasa someni tena 1 Samweli sura ya 3. Mtoto Samweli, aliyeishi mbali na mama yake, katika nyumba isiyo ya baba yake, anaamka usiku. Anakwenda kwa mzee Eli na kusema amesikia sauti ikimwita. Anarudishwa kulala. Anakuja mara ya pili. Anakuja mara ya tatu. Ndugu wapenzi, mtoto wa namna hiyo akiwa leo katika nyumba inayojaa filimu za ulozi, tungesema nini juu yake? Tungemwamsha nani usiku ule? Tungemfunga wapi?

Eli alikuwa mzee, macho yake yalikuwa yamefifia, na alishindwa kuwazuia wana wake mwenyewe. Lakini usiku ule alifanya jambo moja la haki: alimsikiliza mtoto. Hakumfananisha na hadithi aliyoisikia. Alimwuliza, akafikiri, akamfundisha namna ya kujibu. Hivyo Israeli ilipata nabii. Tazameni namna masikio ya mtu mzima yanavyoweza kuokoa mtoto, na namna nyumba isiyosikiliza inavyoweza kumfukuza nabii wake mwenyewe akalale sokoni.

V. JE, TUTUPE TELEVISHENI?

Hapana. Somo hili halimwambii mtu avunje mali yake. Televisheni imetuletea mema pia. Ugonjwa wa Ebola ulipopiga Kivu ya Kaskazini na Ituri toka 2018 mpaka 2020, redio na televisheni zilisaidia kueleza watu namna ya kujikinga. Mwaka 2020, shule zilipofungwa sababu ya Covid-19, masomo yalipitishwa katika redio na televisheni. Na mwezi wa Desemba 2010, TP Mazembe ya Lubumbashi ilipokuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu, posti moja ilijaza watu wa avenue nzima. Baba alieleza mtoto wake, jirani alikumbatia jirani, watu walisema na kucheka pamoja. Wakati huo televisheni haikuua mazungumzo, iliyazaa.

Basi tofauti iko wapi? Kuna kutazama pamoja na kusemezana, na kuna kutazama kila mtu na kimya chake. Cha kwanza kinaweza kujenga. Cha pili kinabomoa, hata kama kinachoonyeshwa si kibaya. Ndiyo, hata kama ni mahubiri! Mtoto aliyewekwa mbele ya mahubiri ya televisheni saa nne, huku mama hasali naye hata dakika tano, hajapata ibada ya nyumbani.

Mama mmoja anaweza kusema: "Ninashinda sokoni, ninarudi nimechoka, nina watoto sita na moto wa makala wa kupuliza. Televisheni inawatuliza, na tena inawazuia wasizurure barabarani." Tunamsikia mama huyu, na hatumhukumu. Kazi yake ni nzito. Tunamwomba jambo moja tu: achague saa moja katika jioni, na saa hiyo watoto wawe pamoja naye kazini. Mmoja achambue mboga, mwingine achote maji, mwingine asimulie mambo ya shule. Hahitaji nguvu mpya, maana kazi hiyo ataifanya kwa vyovyote. Na baba wa watoto hao aulizwe pia yuko wapi saa hiyo.

VI. MAMBO YA KUFANYA

1. Wakati wa chakula na wakati wa sala kioo kifungwe, na telefone zote ziwekwe mahali pamoja. Sheria hii ni ya wote, tangu baba mpaka mtoto wa mwisho.

2. Mtoto chini ya miaka miwili apewe uso wa mtu: mgongo wa mama, mapaja ya nyanya, nyimbo za dada. Asipewe telefone ili anyamaze.

3. Posti isiwekwe katika chumba cha kulala watoto. Saa moja kabla ya kulala ifungwe.

4. Chagueni kabla ya kufungua. Anayefungua bila kujua anatafuta nini atapokea kila kitu kinachoingia. Baada ya kipindi mlichochagua, fungeni.

5. Ketini pamoja na watoto, na muulize: Umeona nini? Mtu huyu amefanya vema? Wewe ungefanya nini? Mama wa yule aliyeuawa anafanya nini sasa?

6. Elezeni watoto kwamba filimu ni kazi ya waigizaji. Damu ile ni rangi, yule mlozi ni mtu aliyelipwa, na kesho yake anakula ugali kwake. Matangazo ya pombe pia yanalipwa na wauzaji. Mtoto anayejua namna filimu inavyotengenezwa haogopi ovyo wala haamini ovyo.

7. Filimu zinazoonyesha watoto kuwa walozi zisiingie nyumbani mwetu. Na mtu akimnong'oneza mzazi neno la namna hiyo juu ya mtoto wake, mzazi amsikilize mtoto kwanza, ampeleke kwa daktari akiwa mgonjwa, na asimtoe nyumbani hata usiku mmoja.

8. Semeni na jirani. Ikiwa watoto wenu wanatazama kwake, patanani saa na vipindi. Hii si aibu. Zamani mtoto alilelewa na kijiji kizima.

9. Wazazi, tuanze sisi. Baba anayewakataza watoto na kisha anakesha na mipira mitatu kila usiku amefundisha kwa mwenendo wake, si kwa maneno yake.

MWISHO

Sote tunajua usiku wa delestaji. Umeme unakatika, watu wananung'unika, kisha mtu mmoja anatoa kiti nje. Mwingine anafuata. Watoto wanaanza vitendawili, mama anaanza wimbo, mzee anakumbuka habari za miaka ya 1960. Baada ya muda hakuna anayefikiri tena juu ya posti. Umeme unaporudi, watoto wanapiga kelele ya furaha na kukimbia ndani, na viti vinabaki nje vitupu.

Hapo tunaona mambo mawili. La kwanza: mazungumzo hayajafa katika nyumba zetu. Yanangoja tu nafasi. La pili: tunayapokea kwa bahati, kama vile mtu anayengoja mvua, wakati sisi wenyewe tuna kidole cha kufunga kioo. Kile ambacho giza linatupa kwa nguvu, tukichague kwa mapenzi yetu, hata jioni mbili katika juma kwa kuanzia. Watoto watalalamika siku za kwanza. Msirudi nyuma. Baada ya muda wao ndio watakaosema: "Baba, leo ni jioni yetu."

Kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala, kuamka: nyakati hizi nne Mungu alizipa wazazi. Hakuna anayeweza kuzinyang'anya kama sisi wenyewe hatukuziachilia. Bwana azilinde nyumba zenu.

MASWALI YA KUSEMEZANA NYUMBANI

1. Katika nyakati nne za Kumbukumbu la Torati sura ya 6, ni upi ambao jamaa yetu imeupoteza zaidi? Tutaurudisha namna gani?

2. Kila mtoto aseme kipindi au filimu moja anayoipenda, na aeleze alijifunza nini ndani yake. Wazazi wasikilize mpaka mwisho bila kukemea.

3. Eli alifanya nini Samweli alipomwamsha usiku? Je, sisi tunawasikiliza watoto wetu vile?

4. Je, kuna mtoto katika kartiye yetu aliyefukuzwa kwao au anayesemwa vibaya? Jamaa yetu inaweza kumfanyia nini juma hili?

5. Tuchague pamoja jioni mbili za juma ambazo kioo kitafungwa. Nani ataleta hadithi ya kwanza?